Nani hutengeneza, nani hulipa: ukaguzi na matengenezo katika nyumba za umma za Marekani

Karatasi iliyobandikwa mlangoni kusema mkaguzi atapita keshokutwa huwatia watu hofu isiyo na sababu. Familia nyingi zilizofika Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale huisoma kama onyo la kufukuzwa, zikakesha zikisugua kuta na kufua mapazia, huku king'ora cha moshi darini kimefungwa mfuko wa plastiki. Wengine hukosea upande wa pili. Bomba la chini ya sinki limevuja tangu mwezi wa tatu na hawajasema, kwa kuamini kwamba mpangaji anayelalamika hujiharibia jina. Siku ya kuhama wanaletewa bili ya kabati lililooza.

Makosa haya mawili yana chanzo kimoja. Katika nyumba za umma, anayelipa hupatikana kwa maswali matatu: kitu kilikuwa na hali gani ulipoingia, kimeharibikaje, na kiliripotiwa lini. Majibu hutafutwa kwenye karatasi, na asiye na karatasi hubaki kukubali maelezo ya upande wa pili.

Mwenye nyumba wako ni nani

Watu husema "niko hausingi" kwa mambo mawili yasiyofanana. Nyumba za umma zenyewe ni majengo ya mamlaka ya nyumba ya mji au kaunti, chini ya sheria iliyoanza mwaka 1937, kwa fedha na kanuni za HUD, wizara ya serikali kuu inayosimamia nyumba. Hapo mamlaka ndiyo mwenye nyumba: hutengeneza yenyewe, hukagua yenyewe, hutoza yenyewe. Section 8 ni vocha. Mwenye nyumba ni mtu binafsi au kampuni, na mamlaka hulipa sehemu ya kodi na kukagua kama nyumba inafaa. Kwa mwenye vocha, friji ya mwenye nyumba ikifa simu hupigwa kwake, si kwa mamlaka.

Jina lililoandikwa kama mwenye nyumba kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba humaliza ubishi. Makala hii inahusu aina ya kwanza. Yapo pia majengo yaliyokuwa ya umma yakahamishiwa mpango unaoitwa RAD. Huko mkataba ni mwingine, na nakala ya zamani haifai tena.

Ukaguzi si mmoja

Ukaguzi wenye uzito kuliko wote kwa mfuko wako ni ule wa siku ya kuingia, na ndio unaopuuzwa kuliko wote, kwa sababu familia imechoka, watoto wana njaa na ofisa ana funguo mkononi. Kanuni za HUD kuhusu mikataba zinataka mamlaka na mpangaji, au mtu anayemwakilisha, waikague nyumba pamoja kabla ya kuhamia. Kisha mamlaka humpa mpangaji maelezo ya maandishi juu ya hali ya nyumba na vifaa vyake, pande zote mbili hutia sahihi, na nakala hubaki kwenye faili lake. Usitie sahihi fomu iliyokwisha kujazwa "nzuri, nzuri, nzuri" kabla hujapita chumba kwa chumba.

Pita hivi. Fungua kila dirisha, lifunge, jaribu komeo. Washa kila jiko la umeme au gesi na oveni. Fungua bomba la maji moto usubiri mpaka yaje. Vuta maji ya choo mara mbili. Piga goti uangalie chini ya kila sinki kwa tochi ya simu: mbao iliyovimba au yenye doa la mviringo ni ishara ya maji ya zamani. Angalia dari ya bafu. Angalia kingo za godoro kama nyumba ina samani, na nyufa za mbao za sakafuni kama kuna kinyesi cha mende, ambacho huonekana kama kahawa iliyosagwa. Piga picha ya kila doa na kila mkwaruzo, halafu zitume kwa barua pepe kwa ofisi siku hiyohiyo. Barua pepe ina tarehe ambayo hakuna anayeweza kuibadilisha. Nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978 unapaswa pia kupewa taarifa ya rangi yenye risasi. Ukiona rangi inabanduka kwenye fremu za madirisha na una mtoto mdogo, iandike kwenye fomu, wala usiikwangue mwenyewe, maana vumbi lake ndilo sumu.

Ukaguzi wa pili ni wa kila mwaka. Mamlaka inalazimika kukagua kila nyumba yake angalau mara moja kwa mwaka. Huu ni wa nyumbani, hufanywa na wafanyakazi wake au mkandarasi wake, na lengo ni kukuta kasoro kabla HUD haijazikuta.

Wa tatu ni wa HUD yenyewe. Tangu tarehe 1 Julai 2023 nyumba za umma hukaguliwa kwa vigezo vinavyoitwa NSPIRE, vilivyochukua nafasi ya mfumo uliotumika miaka mingi. Uongozi wa mradi, yaani kundi la majengo yanayosimamiwa pamoja, hupewa taarifa siku 28 kabla, nao hulazimika kuwajulisha wapangaji. Mkaguzi haingii kila nyumba, huchukua sampuli, kisha hukagua sehemu za pamoja za ndani na nje ya jengo. Alama ni kati ya 0 na 100. Chini ya 60 mradi umefeli. Mradi unaopata 90 na zaidi hurudiwa baada ya miaka mitatu, wa 80 hadi 89 baada ya miwili, chini ya hapo kila mwaka. Anayepewa alama ni mamlaka, wala si mama mpangaji. Vyombo visivyooshwa havipunguzi hata nukta. Hupunguza kabati zito lililoziba dirisha la chumba cha kulala, king'ora kilichong'olewa, soketi isiyo na kifuniko. Jambo wasilolijua wapangaji wengi: chama cha wapangaji kinaweza kupendekeza hadi nyumba tano za ziada zikaguliwe. Matokeo yake hayaingii kwenye alama ya mradi, lakini kasoro zitakazoonekana lazima zitengenezwe. Kwa mtu aliyeomba matengenezo mwaka mzima bila jibu, huo ni mlango ulio wazi.

Kuna na ukaguzi wa pekee: wa usafi, wa kufuatilia kasoro ya mwanzo, wa mdudu aliyeonekana kwa jirani. Huo hauna ratiba, una sababu tu, na sababu hiyo inapaswa kuandikwa kwenye taarifa.

Kuingia nyumbani mwako

Mamlaka haiwezi kufungua mlango wako kila itakapo. Taarifa ya maandishi inayotaja sababu, ikiletwa nyumbani siku mbili kabla, huhesabiwa kuwa taarifa ya kutosha kwa ukaguzi wa kawaida, matengenezo au kumwonyesha mpangaji mpya nyumba. Kuingia kuwe saa za kawaida za mchana. Pakiwa na sababu ya kuamini kuna dharura, yaani moto, harufu ya gesi, maji yanayomiminika kwa jirani wa chini, wanaweza kuingia wakati wowote bila taarifa. Watu wazima wote wakiwa hawapo, anayeingia lazima aache karatasi yenye tarehe, saa na sababu.

Upande wako: huna haki ya kukataa kuingiwa baada ya taarifa sahihi. Unaweza kuomba saa nyingine ukiwa na zamu kazini, na ofisi nyingi hukubali ukiomba mapema kwa maandishi. Kutofungua mlango mara kwa mara ni kuvunja mkataba. Ukiwa wewe ndiye uliyepiga simu kuomba fundi, mara nyingi mkataba huhesabu ombi lako kuwa ruhusa, kwa hiyo usishangae akija kesho yake bila karatasi. Kama unahitaji mkalimani, omba siku unapopata taarifa. Mtoto wa miaka kumi asikalimani mazungumzo ya bili na mikataba, hata kama Kiingereza chake kinakushinda.

Saa 24, siku 30, siku 60

NSPIRE hupanga kasoro kwa hatari yake. Zinazotishia uhai na zile kali lazima zishughulikiwe ndani ya saa 24. Za kati, siku 30. Ndogo, siku 60. Kushughulikia ndani ya saa 24 si lazima kuwe kumaliza kazi. Hita kuu ikifa mwezi wa kwanza na kipuri hakipo mjini, mamlaka inaweza kuleta hita za muda zilizo salama, au kukuhamisha kwa muda, kisha kumaliza kazi baadaye. Mradi hatari iwe imeondoka.

Mifano ya saa 24: gesi inayovuja, king'ora cha moshi kisichofanya kazi au kisichokuwepo, king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi kilichokosekana mahali kinapotakiwa, nyaya zilizo wazi, njia ya kutokea iliyozibwa, na kitu kinachowaka moto kwa urahisi kilichowekwa ndani ya futi 3 za hita. Hiki cha mwisho huwakuta wengi. Hita za pembeni ya ukuta (baseboard), zile ndefu zilizo chini ya dirisha, huonekana kama mahali pazuri pa kusogezea kochi au kuanikia nguo. Acha nafasi ya futi 3, karibu mita moja.

Baridi nayo ina kipimo. Kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Machi, nyumba inatakiwa kuweza kufika nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Sentigredi. Mkaguzi akikuta chini ya 64, kasoro hiyo inatishia uhai. Kati ya 64 na 68, ni kali. Nunua kipimajoto cha bei nafuu, kiweke katikati ya chumba mbali na dirisha, upige picha asubuhi na usiku kwa siku mbili. "Nyumba ni baridi" ni lalamiko. Picha yenye nyuzi 61 na saa ni ushahidi. Usijaribu kupasha nyumba kwa kufungua oveni, na kamwe usiingize mbabula ya makaa ndani, wala kuiweka barazani. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu usingizini, na nyumba za Marekani zimezibwa kuzuia baridi, hazipumui kama nyumba za kwetu. Choma nyama kwenye eneo la nje lililotengwa. Sheria za moto za miji mingi zinakataza majiko ya makaa kwenye baraza za ghorofa hata mlango ukiwa wazi.

Mbona basi mambo mengine huchelewa miezi? Kwa sababu mabomba ya jengo zima, paa au lifti hayatengenezwi kwa fedha za kila siku. Yana mfuko wake wa mitaji, na mfuko huo umekuwa mdogo kuliko mahitaji kwa miongo. Utafiti uliofanywa kwa HUD mwaka 2010 ulikadiria deni la matengenezo makubwa nchi nzima kuwa takriban dola bilioni 26. Huko New York, mamlaka iliyo kubwa kuliko zote nchini iliwekewa msimamizi wa serikali kuu mwaka 2019 baada ya mashtaka juu ya rangi yenye risasi, ukungu, joto, lifti na wadudu. Kwa hiyo fundi anayekuambia "hilo ni la mradi mkubwa" huenda anasema kweli. Hata hivyo haimpunguzii mtu haki ya kupewa suluhisho la muda pale ambapo kasoro ni ya hatari.

King'ora cha moshi

Hiki tukitazame kwa karibu, kwani ndicho kinachowaponza wapangaji wengi. Kinatakiwa kuwepo kwenye kila ghorofa ya nyumba, ndani ya kila chumba cha kulala, na nje ya vyumba vya kulala, si zaidi ya futi 21 kutoka mlangoni mwake. Tangu mwisho wa Desemba 2024, nyumba za umma zinatakiwa ziwe na ving'ora vilivyounganishwa na umeme wa nyumba, au vyenye betri ya miaka kumi iliyofungwa ndani isiyotolewa. Ukiona kwako bado kuna cha kubadilisha betri tu, andika ombi.

Sikiliza kinavyolia. Milio mitatu, kimya, mitatu tena: moshi. Milio minne, kimya, minne tena: kaboni monoksaidi, toka nje pamoja na wote kisha upige 911. Mlio mmoja mfupi kila nusu dakika au dakika moja ni betri inayokwisha au kifaa kilichomaliza umri wake. Huo mlio mmoja ndio huwafanya watu wapande kiti wakakitoa, na hapo kasoro ya mamlaka inageuka kuwa ya mpangaji. Piga simu, pata namba ya ombi, acha kifaa mahali pake.

Kikilia kila ukikaanga samaki, hakina ubaya wowote, ila kimewekwa karibu na jiko au feni ya juu ya jiko imejaa mafuta. Ondoa chujio la feni hiyo, ambalo ni wavu wa chuma, uliloweke kwenye maji moto na sabuni ya vyombo, ukaushe, ulirudishe. Washa feni kabla ya kuweka mafuta jikoni, si baada ya moshi. Bonyeza kitufe cha kunyamazisha, kitarudi kazini chenyewe baada ya dakika chache. Mafuta yakishika moto sufuriani, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Maji hurusha moto huo hadi darini.

Soketi nazo zina kipimo rahisi. Zilizo ndani ya futi 6 za sinki, bafu au maji mengine katika chumba hichohicho zinatakiwa ziwe na kinga ya GFCI, inayokata umeme mara unapovuja, na ambayo mara nyingi ni vitufe viwili katikati ya soketi. Bonyeza TEST: umeme ukatike. Bonyeza RESET: urudi. Usipokatika, kinga imekufa hata kama soketi inachaji simu vizuri.

Ukungu hufuata maji

Ukungu mweusi ukutani huzua ugomvi usiokwisha. Ofisi husema mpangaji hafungui madirisha, mpangaji husema jengo limeoza. Kila upande huwa na kweli yake mahali fulani, na mahali penyewe hutoa dalili. Doa la kahawia lenye ukingo darini chini ya bafu la jirani, linalokolea baada ya watu kuoga, ni bomba au silikoni ya bafu, na hiyo ni kazi ya mamlaka peke yake. Nukta nyeusi kwenye pembe za ukuta wa nje, nyuma ya kabati, na kwenye kingo za madirisha wakati wa baridi, ni mvuke wa ndani unaogandamia sehemu baridi. Hapo mpangaji ana lake la kufanya, ingawa feni ya bafu iliyokufa bado ni ya mamlaka.

Mapishi yetu yana mvuke mwingi. Maharage yakichemka kwa muda wa saa tatu, au sombe ikitokota asubuhi nzima, maji yote yaliyopungua sufuriani yameingia kwenye kuta. Funika sufuria, washa feni, fungua dirisha kidogo kwa dakika kumi hata kwenye theluji. Baada ya kuoga, feni iendelee dakika 20 hadi 30. Nguo zilizoanikwa ndani huongeza maji yaleyale. Sogeza makabati inchi mbili tatu kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite. Kipimaunyevu kinachosoma zaidi ya asilimia 60 siku nzima kinakuonya. Na chochote kilicholowa, zulia au ukuta, kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kwa sababu baada ya hapo ukungu huanza.

Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha kwa wiki chache tu. Fundi akija na ndoo ya rangi bila kuuliza maji yanatoka wapi, andika ombi jipya useme hivyo hasa: doa limepakwa rangi, chanzo cha maji hakijatafutwa. Ukisafisha mwenyewe doa dogo, usichanganye jiki na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kunguni, mende na aibu

Kunguni hawaji kwa sababu ya uchafu, huja na godoro lililookotwa, sanduku la safari au ukuta wa jirani. Aibu ndiyo huwazidisha. Mwongozo wa HUD wa mwaka 2012 unaitaka mamlaka iwasiliane na mpangaji ndani ya saa 24 tangu aripoti, ikague nyumba yake pamoja na za juu, chini, kushoto na kulia, na isimtoze gharama ya dawa. Kinachoweza kukuletea matatizo ni kukataa maandalizi au kuficha.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Nguo na mashuka yote yaingizwe mifukoni chumbani humohumo, yapelekwe kwenye mashine ya kukausha kwa joto la juu nusu saa, kisha yawekwe kwenye mifuko mipya iliyofungwa. Kufua tu hakutoshi; joto ndilo linaloua mayai. Kitanda kisogezwe kutoka ukutani, chini ya uvungu pabaki wazi. Usinunue mabomu ya dawa ya dukani: kunguni hukimbilia ndani ya kuta na kwa majirani, na mabomu hayo huwaka karibu na moto wa jiko la gesi. Dawa hurudiwa kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi, kwa kuwa mayai hupona raundi ya kwanza. Kuona wawili watatu katikati hakumaanishi fundi amekudanganya, lakini waripoti.

Mende ni habari ya maji na mafuta: kausha sinki usiku, safisha nyuma ya jiko, omba tundu la bomba lizibwe.

Maji yanayopotea kimyakimya

Choo kinachovuja ndani hakisikiki mchana. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji kwa dakika kumi. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa ndani wa tangi umechoka. Ni kipuri cha dola chache, lakini choo kinachotiririka kinaweza kumwaga galoni mia mbili kwa siku, na mahali ambapo mamlaka hutoza matumizi ya ziada ya maji, bili hiyo hukuangukia usiporipoti. Valvu ya choo iko ukutani nyuma yake, ya sinki iko kabatini chini. Zote hufungwa kwa kuzungusha kulia. Wafundishe na watoto wakubwa. Maji yakimiminika, dakika tano za kutafuta namba ya dharura zinatosha kuharibu dari ya jirani.

Sinki la jikoni huzibwa na mafuta ya mawese na ya kukaangia, pamoja na ukoko wa ugali unaovimba ndani ya bomba. Acha mafuta yagande kwenye kopo, utupe na taka. Chooni iingie karatasi ya choo tu. Vitambaa vyenye unyevu vya watoto havivunjiki hata pakiti ikidai vinaweza kutupwa chooni, na fundi akivitoa bombani kwa waya wake, hapo uchakavu wa kawaida huwezi kuudai.

Bili ikija

Uchakavu wa kawaida haulipiwi. Rangi iliyofifia, zulia lililolainika njiani, bawaba iliyolegea kwa miaka, hivyo vyote ni vya mwenye nyumba. Tundu la ngumi mlangoni, kioo kilichovunjwa, kifuniko cha king'ora kilichopotea, ni vyako, hata kama aliyefanya ni mgeni wako. Katikati kuna eneo pana la mabishano, na hapo ndipo fomu ya kuingia na tarehe ya ombi huamua. Kabati lililooza kwa uvujaji ulioripotiwa siku ya pili ni la mamlaka. Kabati hilohilo, uvujaji ukiwa haukuripotiwa miezi minane, huwa gumu kulitetea.

Bei za matengenezo hazitungwi papo hapo. Orodha ya gharama lazima ibandikwe ofisini mahali panapoonekana, na unapewa nakala ukiomba. Bili ya gharama hizo haiwezi kudaiwa kabla ya wiki mbili kupita tangu upewe taarifa ya maandishi. Wiki hizo mbili zitumie. Hatua ya kwanza ni kufikisha malalamiko yako ofisini, kwa mdomo au kwa maandishi, na maandishi ni bora. Mkishindwa kuelewana, omba kikao rasmi cha malalamiko ndani ya muda ulioandikwa kwenye utaratibu wa mamlaka yako, ambao unaweza kuwa mfupi. Kabla ya kikao una haki ya kuona nyaraka watakazotumia, kuja na mwakilishi, na kupewa uamuzi kwa maandishi. Ofisi za msaada wa kisheria za bure zipo kila jimbo, na kesi kama hizi ni mkate wao wa kila siku.

Kasoro ikihatarisha maisha, afya au usalama na isitengenezwe kwa wakati unaofaa, mkataba lazima uwe na kifungu cha kukupa makazi mbadala, yakipatikana, au kupunguziwa kodi kwa kadiri ya uharibifu. Huipati ikiwa ni wewe uliyesababisha, au umekataa makazi mbadala uliyopewa. Kupunguziwa huombwa. Anayeacha kulipa kodi kwa uamuzi wake mwenyewe hufikishwa mahakamani kama mdaiwa, na ukungu wake hausikilizwi mpaka deni limejadiliwa.

Mambo mengine ya mkataba yanayosahaulika

Mtoto akizaliwa, ijulishe ofisi mapema. Mtu mwingine yeyote anayetaka kuhamia, awe ndugu wa damu au mkwe, anahitaji kibali kabla. Mgeni ana idadi ya siku iliyoandikwa mkatabani, na mgeni anayepokea barua kwa anwani yako huanza kuonekana kama mkaazi. Tangu mwishoni mwa Julai 2018 sigara na shisha haziruhusiwi ndani ya nyumba za umma, wala ndani ya futi 25 kutoka jengo. Mtu mzima asiye na msamaha hutakiwa kutoa saa nane kila mwezi za kazi ya jamii au masomo ya kujitegemea. Wanaofanya kazi, wenye umri wa miaka 62 na zaidi na wenye ulemavu unaowazuia wamesamehewa. Masomo ya Kiingereza yanaweza kuhesabiwa humo, kwa hiyo omba mwalimu akutilie sahihi mahudhurio kila mwezi.

Ukihama, toa taarifa ya maandishi kwa idadi ya siku iliyo mkatabani na uombe ukaguzi wa kutoka uwepo mwenyewe. Ukiondoka bila kuaga, watakagua bila wewe. Safisha oveni na friji, na vuta jiko usafishe nyuma yake, kwani hapo ndipo gharama ndogondogo hujazwa. Piga picha chumba kwa chumba kwa mpangilio uleule wa siku ya kuingia. Rudisha kila ufunguo, pamoja na wa sanduku la barua, upewe risiti yenye tarehe, na uache kwa maandishi anwani utakakohamia, maana dhamana yako au orodha ya makato hutumwa huko.